HEWA CHINI YA JENGO: Moshi wa Magari, Mazuku na Kazi ya Feni katika Gereji za Gisenyi



Wapo miongoni mwetu wanaofanya kazi mahali ambapo jua halifiki. Wapo walinzi wa magari katika maegesho ya chini ya hoteli na majengo ya maduka. Wapo waosha magari. Wapo mafundi wanaoshuka ndani ya shimo ili kutazama tumbo la gari. Wapo makarani wanaokaa kibandani penye mlango wa kutokea wakipokea malipo. Na wapo wasafishaji wanaoingia usiku, magari yakisha kuondoka. Kazi zao hazifanani, lakini wote wanavuta hewa iliyofungwa. Makala haya yanaeleza hewa hiyo ina nini, inatakiwa itolewe namna gani, na mfanyakazi adai kitu gani ili arudi nyumbani salama.

Tunaandika juu ya Gisenyi kwa sababu mji huu, katika Wilaya ya Rubavu, una jambo ambalo miji mingi haina. Mahali pengine mfanyakazi wa gereji ana adui mmoja, naye ni moshi wa injini. Hapa kwetu maadui ni wawili: mmoja anatoka katika bomba la gari, wa pili anaweza kutoka ardhini. Dawa ya mmoja si lazima iwe dawa ya mwingine, na chombo kinachomwona mmoja hakimwoni mwenzake. Anayejenga gereji hapa kwa kunakili ramani ya mji mwingine anaweza kuacha mlango wazi kwa adui wa pili bila kujua.

1. ADUI WA KWANZA: GESI YA BOMBA LA MOSHI

Petroli inapoungua vizuri hutoa hasa mvuke wa maji na hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksaidi. Inapoungua vibaya, kwa kukosa hewa ya kutosha, hutoa pia gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Harufu tunayoisikia gerejini ni ya vitu vingine vilivyomo katika moshi. Kwa hiyo mtu asiseme, "Sisikii harufu, basi pako salama."

Hatari yake iko katika damu. Damu hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksaidi hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Gesi kidogo tu hukalia viti vya oksijeni, na moyo na ubongo hubaki na njaa ingawa mtu anapumua kama kawaida. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Kwetu dalili hizi mara nyingi huitwa malaria au uchovu. Iko alama moja ya kutofautisha: ikiwa kichwa kinauma kazini na kinapoa siku ya mapumziko, na ikiwa wenzako wa zamu moja wanaumwa vilevile, tazameni hewa kabla ya kulaumu mbu.

Viwango vya kuvumilika vimewekwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa hewa ya ndani mwaka 2010, lilisema kaboni monoksaidi isizidi miligramu 35 katika mita moja ya ujazo kwa saa moja, wala miligramu 10 kwa saa 8. Kwa hesabu ya sehemu katika milioni, hizo ni karibu sehemu 30 na sehemu 9. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza kwa maegesho ya magari unaruhusu wastani wa sehemu 30 katika milioni kwa saa 8, na sehemu 90 kwa muda usiozidi dakika 15 mahali kama njia za kupandia na milango ya kutokea. Tazama basi tofauti hiyo: kiwango cha jengo la magari ni kikubwa kuliko kile cha afya ya mtu akaaye humo siku nzima. Mwenye gari hupita kwa dakika tano. Karani wa kibandani hukaa zamu nzima. Tunapojadiliana na mwajiri, tuseme kwa niaba ya huyu anayekaa.

Injini za dizeli, kama za malori yanayopanga foleni kuelekea mpakani, hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko injini za petroli, lakini hutoa masizi na gesi za naitrojeni zinazochoma mapafu. Mwaka 2012 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo gereji ya malori nayo inahitaji hewa, tena na vipimo vyake yenyewe.

2. ADUI WA PILI: MAZUKU

Neno mazuku ni la Kiswahili cha huku kwetu Kivu, na wataalamu wa volkano wa dunia nzima wamelichukua jinsi lilivyo. Lina maana ya pepo mbaya zinazoua. Wazee waliona ng'ombe, mbuzi na hata watu wamelala wamekufa katika bonde dogo bila jeraha. Siri yake ni hewa ya ukaa inayopanda kutoka chini ya milima ya moto kupitia nyufa za mwamba. Gesi hii ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Haitawanyiki upesi; hutiririka kama maji na kujaa katika mashimo.

Hewa tunayovuta nje ina hewa ya ukaa ya asilimia 0.04 hivi. Kikomo kinachotumika sana kwa siku ya kazi ya saa 8 ni asilimia 0.5. Asilimia 4 huhesabiwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini kuwa hatari ya papo kwa papo. Ikifika asilimia 10, mtu huzimia katika dakika chache. Katika mazuku hewa ya ukaa imepimwa ikizidi kiwango hicho. Usiku na alfajiri, upepo unapotulia, gesi hujikusanya. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Mtu anaweza kupita mahali mchana akaona pako sawa, na mwingine akapita hapohapo alfajiri akafa.

Mazuku yaliyochunguzwa zaidi yako upande wa Kongo, magharibi ya mji wa Goma kuelekea Sake. Lakini mwamba haujui mpaka wala pasi ya kusafiria. Gisenyi na Goma ni miji iliyoshikana, na mlima Nyiragongo uko karibu nayo yote miwili. Mlima huo ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021. Baada ya mlipuko wa 2021 matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa, ardhi ikapasuka Goma na Rubavu, na nyumba nyingi zikapata nyufa. Ufa katika sakafu ya sebule ni gharama ya saruji tu. Ufa katika sakafu ya chumba kilicho chini ya ardhi unaweza kuwa mlango wa gesi.

Ili tuelewe nguvu ya gesi hii, tukumbuke ziwa Nyos la Kameruni. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ziwa hilo lilitoa wingu la hewa ya ukaa lililoteremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700. Ziwa letu la Kivu nalo limebeba hewa ya ukaa nyingi sana kilindini, pamoja na gesi ya methani inayotumiwa kutengeneza umeme. Gesi hiyo ya kilindini imeshikwa na uzito wa maji, nayo ni habari nyingine. Tunalotaka mfanyakazi achukue hapa ni tabia ya hewa ya ukaa: hutafuta mahali pa chini, na gereji ya chini ya jengo ni mahali pa chini.

3. MJI WETU UKO JUU

Uso wa ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Kwa urefu huo, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 84 ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Basi kila pumzi ina oksijeni pungufu, na mtu aliyevuta kaboni monoksaidi ana akiba ndogo ya kumwokoa. Gari la zamani lenye karbureta iliyorekebishwa kwa pwani hupata petroli nyingi kuliko hewa likifika huku, likaunguza vibaya na kutoa sumu zaidi. Ndiyo maana kurekebisha injini ni sehemu ya kusafisha hewa.

4. NJIA ZA KUTOA HEWA MBAYA

Magari yalipokuwa machache, watu waliacha mlango wazi, ikatosha. Tatizo lilipokuwa kubwa ni wakati wa kujenga njia ya magari ya Holland chini ya mto Hudson, New York, iliyofunguliwa mwaka 1927. Wahandisi waliogopa kwamba madereva wangekufa humo. Yalifanyika majaribio ya kuvutisha watu kaboni monoksaidi kwa vipimo, ili kujua kiasi gani mtu anaweza kustahimili, kisha zikafungwa feni 84 za kuingiza na kutoa hewa. Fikira iliyozaliwa pale ndiyo inayotumika hata leo: kwanza jua sumu kiasi gani inatoka, kisha amua hewa kiasi gani iingie.

Njia ziko tatu.

(a) Hewa ya asili. Jengo huachiwa matundu ya kudumu kutani, yasiyo na vioo wala milango. Mwongozo wa Uingereza unataka eneo la matundu lisipungue asilimia 5 ya eneo la sakafu, na angalau robo ya matundu hayo iwe katika kila ukuta kati ya kuta mbili zinazotazamana, ili upepo uingie huku utokee kule. Gisenyi ina upepo wa ziwani mchana na wa nchi kavu usiku. Mjenzi mwenye akili huelekeza matundu yake kuupokea. Lakini matundu yakizibwa kwa mbao, kwa matangazo, au kwa kuogopa wezi, hesabu yote imevunjika.

(b) Mchanganyiko. Pale ambapo matundu hayafiki asilimia 5, mwongozo huohuo unakubali asilimia 2.5 pamoja na feni zinazobadilisha hewa yote mara 3 kwa saa.

(c) Feni peke yake. Gereji iliyozama yote ardhini haina ukuta wa kutazama nje. Hapo feni hubadilisha hewa yote mara 6 kwa saa, na mara 10 kwa saa penye milango na njia za kupandia ambako magari husimama foleni. Chama cha wahandisi wa hewa cha Marekani huhesabu kwa njia nyingine: lita 3.7 za hewa kwa kila sekunde kwa kila mita mraba ya sakafu.

Feni ya kutoa peke yake haitoshi. Lazima pawe na njia ya hewa safi kuingia. Ukivuta hewa katika chupa iliyofungwa utachoka bure. Na zaidi ya kuchoka bure, kuna hatari inayohusu Gisenyi hasa. Feni inayovuta bila kuachiwa hewa ya kuingia hufanya chumba kinyonye, na kitakachonyonywa ni hewa iliyomo chini ya sakafu, kupitia kila ufa na kila tundu la bomba. Katika ardhi ya volkano, feni ya namna hiyo inaweza kuwaita mazuku ndani. Kwa hiyo kanuni yetu iwe: hewa safi isukumwe ndani kwa nguvu, itoke kwa upande wa pili.

Tena mahali pa kuvutia hewa pawe pawili, nusu karibu na dari na nusu karibu na sakafu. Moshi wa moto hupanda juu. Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribia ule wa hewa, huchanganyika kila mahali. Hewa ya ukaa ya ardhini na mvuke wa petroli hukaa chini. Feni zilizofungwa darini tu huwaacha hao wawili wa mwisho wakistarehe miguuni mwa mfanyakazi.

5. HESABU YA KUFANYA PENSELI MKONONI

Tuchukue gereji yenye urefu wa mita 30, upana wa mita 20, na kimo cha mita 2.5. Eneo lake ni mita mraba 600. Ujazo wake ni mita 1,500 za ujazo.

Kubadilisha hewa mara 6 kwa saa ni mita za ujazo 9,000 kwa saa. Kwa hesabu ya Wamarekani, 600 mara lita 3.7 ni lita 2,220 kwa sekunde, yaani karibu mita za ujazo 8,000 kwa saa. Njia mbili, majibu yanakaribiana. Mfanyakazi akisoma kibao cha feni na kukuta mita 3,000 kwa saa, ajue kwamba mbili za namna hiyo hazitoshi, tatu zinafika. Kwa hewa ya asili peke yake, gereji hii ingehitaji matundu ya mita mraba 30.

Sasa tutazame sumu. Ili hewa yote ya gereji hii ifikie sehemu 30 katika milioni, panatakiwa lita 45 tu za kaboni monoksaidi. Gari la petroli la zamani, lisilo na kisafisha moshi, likiunguruma mahali pamoja laweza kutoa kama lita 200 za moshi kwa dakika. Moshi huo ukiwa na kaboni monoksaidi asilimia 4, hizo ni lita 8 kwa dakika. Basi gari moja, feni zikiwa zimezimwa, linafikisha chumba kizima kwenye kikomo kwa muda wa dakika 6 hivi.

Je, feni zikiwaka? Lita 8 kwa dakika ni lita 480 kwa saa. Ukizigawa katika mita za ujazo 9,000 za hewa, unapata sehemu 53 katika milioni. Maana yake ni kwamba gari moja bovu likiachwa linaunguruma mfululizo, hata feni zilizofungwa kwa kufuata kitabu haziwezi kurudisha hewa chini ya 30. Feni zimepimwa kwa magari yanayoingia, yanayozimwa na yanayotoka. Hazikupimwa kwa dereva anayemsubiri tajiri wake huku injini inanguruma. Amri ya "Zima injini" ni sehemu ya mtambo wa hewa kama ilivyo feni yenyewe, tena haihitaji umeme.

6. KIPIMO KINACHOONA UPANDE MMOJA

Katika majengo ya kisasa feni haziwaki siku nzima. Ili kuokoa umeme, hufungwa vipimo ukutani. Kaboni monoksaidi ikipanda, kipimo huamrisha feni ziwake, ikishuka zizimike. Ni ubunifu mzuri, na mahali pengi unatosha.

Kwetu hautoshi. Kipimo cha kaboni monoksaidi hakiioni hewa ya ukaa hata kidogo. Fikirini usiku: magari yametoka, hakuna moshi, kipimo kinasoma sifuri, feni zimezimika. Upepo umetulia. Saa hizo ndizo ambazo gesi ya ardhini hujikusanya. Asubuhi mlinzi au msafishaji anateremka ngazi, na taa ya kijani ya kipimo inamwambia karibu.

Kwa hiyo katika gereji iliyo chini ya ardhi hapa Gisenyi tudai mambo manne. Kwanza, vipimo viwe vya gesi zote mbili, na vile vya hewa ya ukaa vifungwe chini, kimo cha goti, si darini. Pili, feni ziendeshwe kwa mwendo mdogo hata usiku, au angalau ziwashwe kabla mtu hajashuka, kwa swichi iliyo juu, nje ya mlango. Tatu, taa ya kuonyesha hali ya hewa iwe juu ya ngazi, si mwisho wa ngazi. Nne, vipimo vijaribiwe kwa gesi ya majaribio kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, maana kipimo kilichokufa nacho husoma sifuri.

Jengo jipya lina nafasi nzuri zaidi. Chini ya sakafu waweza kutandazwa utando usiopitisha gesi, na chini yake mabomba yenye matundu yanayopeleka gesi mpaka juu ya paa. Kazi hiyo ni rahisi kabla saruji haijamwagwa, na ni ngumu sana baadaye. Magari ya umeme yakiongezeka, moshi utapungua. Hilo ni jema. Lakini magari hayo hayataziba nyufa za mwamba, na asije mwenye jengo akang'oa feni kwa kusema moshi umekwisha.

7. SHIMO LA FUNDI NA JENERETA

Si kila gereji yenye hatari ni ya jengo kubwa. Shimo la fundi, lenye kina cha mita moja na nusu, ni gereji ndogo ndani ya gereji. Mvuke wa petroli huteremka humo, moshi huteremka humo, na gesi ya ardhini hutokea humohumo. Asubuhi, kabla ya kushuka, shimo lipulizwe hewa safi kwa feni na bomba linalofika chini kabisa. Fundi asishuke peke yake. Mwenzake abaki juu akimwona. Gari lililo juu ya shimo lisiwashwe mtu akiwa ndani.

Wengine hujaribu hewa kwa kuteremsha mshumaa au kibatari: ukizimika, gesi ipo. Tunasema wazi, jambo hili lisifanywe gerejini. Mwako wa moto hukutana na mvuke wa petroli, ukawa mlipuko. Tena kaboni monoksaidi huua mtu huku mshumaa ukiendelea kuwaka vizuri. Chombo cha kupima kinachovaliwa kifuani hakina mbadala.

Jenereta ni adui aliyealikwa. Umeme ukikatika, feni husimama, na mara nyingine jenereta huwashwa humohumo chini ili isinyeshewe. Hapo hewa mpya imekoma na sumu mpya imeanza. Jenereta ikae nje, bomba lake la moshi lielekee mbali na matundu ya kuingizia hewa, na nguvu yake itoshe feni kabla ya taa za matangazo. Umeme ukikatika na jenereta haipo, watu watoke gerejini mpaka urudi.

8. MWENZAKO AKIANGUKA

Katika ajali za gesi, mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyekimbilia kumwokoa wa kwanza. Huruma haina kosa, lakini mapafu ya mwokoaji hayana tofauti na ya aliyeanguka. Kwa hiyo:

Usiteremke. Piga kelele, ita watu, ita msaada wa dharura kwa simu 912.

Washa feni kwa swichi ya nje, fungua milango yote, zima injini zote zinazofikika kwa usalama.

Anayeingia awe amevaa chombo cha kupumulia chenye hewa yake mwenyewe, na kamba kiunoni inayoshikwa na walio nje. Kitambaa chenye maji puani, au barakoa ya vumbi, havizuii gesi hizi.

Aliyetolewa alazwe penye hewa safi. Kama hapumui, apewe pumzi na kusukumwa kifua na mtu anayejua. Apelekwe hospitali hata akisema amepona. Mwambieni daktari neno "moshi wa gari" au "gesi ya ardhini", asije akatibiwa malaria. Kaboni monoksaidi hupungua nusu katika damu kwa saa 4 mpaka 6 mtu akivuta hewa ya kawaida; akivuta oksijeni tupu, huchukua saa moja na nusu hivi. Kifaa kidogo cha kidoleni cha kupima oksijeni hudanganyika hapa: huhesabu damu iliyoshikwa na sumu kama damu yenye oksijeni. Mama mjamzito apewe tahadhari zaidi, maana mtoto tumboni huumia hata pale mama anapoona nafuu.

9. SHERIA INASEMAJE

Hayo tunayodai si hisani. Mkataba namba 120 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, kuhusu usafi katika biashara na ofisi, unataka kila mahali pa kazi pawe na hewa ya kutosha, ya asili au ya mitambo. Mkataba namba 148 wa mwaka 1977 unahusu hewa chafu, kelele na mtikisiko kazini. Nao unaweka utaratibu wa haki: kwanza mtambo na mpango wa kazi virekebishwe, na vifaa vya kujivisha vije baadaye pale yale ya kwanza yasipotosha. Mwajiri anayegawa barakoa huku feni zimekufa ameanza mwisho.

Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unamlinda mfanyakazi aliyeondoka mahali anapoona kwa sababu za haki kwamba pana hatari kubwa ya karibu kwa maisha yake. Mwezi Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika ile ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu.

Hapa Rwanda, Sheria namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inayosimamia kazi inamtaka mwajiri ahakikishe afya na usalama mahali pa kazi. Tena mambo ya afya na usalama katika sheria hiyo yanamgusa pia mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Fundi wa gereji ya mtaani asiambiwe kwamba sheria ni ya wenye ofisi. Na mchango wa ajali na magonjwa ya kazini unaolipwa RSSB, asilimia 2 ya mshahara, unatoka kwa mwajiri. Aliyezimia kwa gesi amepata ajali ya kazi. Iandikwe hivyo siku hiyohiyo, pamoja na majina ya waliokuwepo.

10. MASWALI YA KUULIZA WIKI HII

Wajumbe wa wafanyakazi wapite gerejini pamoja na mwajiri, karatasi mkononi, wakaulize:

Gereji ina ujazo gani, na feni zinatoa mita ngapi kwa saa?
Hewa safi inaingilia wapi? Tundu hilo liko mbali na bomba la jenereta na foleni ya magari?
Matundu mangapi yamezibwa, na nani aliyaziba?
Vipimo vinaona gesi ipi? Vilijaribiwa lini mara ya mwisho?
Usiku feni zinawaka? Nani anashuka wa kwanza asubuhi, na anajuaje kama pako salama?
Baada ya matetemeko ya 2021, nani alikagua nyufa za sakafu? Ziliandikwa?
Kibanda cha karani kinaweza kuhamishwa mpaka nje, au kuletewa hewa safi kwa bomba lake?
Chombo cha kuokolea kipo, na nani anajua kukitumia?

Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi, nakala ibaki kwa wafanyakazi. Jibu la "sijui" nalo liandikwe, pamoja na tarehe ambayo jibu litapatikana. Tarehe ikipita bila jibu, barua iende kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, na maswali yote yakiwa yameambatishwa. Mpaka hapo, kila anayeteremka ngazi ateremke baada ya feni kuwashwa, na awe na mwenzake anayemtazama kutoka juu.